February Album Writing Month

February Album Writing Month (kifupi: FAWM, maana yake ni "Mwezi wa Februari wa Kuandika Albamu") ni changamoto ya kutunga muziki inayofanyika kila mwaka katika mwezi wa Februari. Ilianzishwa nchini Marekani mwaka 2004 na Burr Settles, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta ambaye pia ni mtunzi wa nyimbo. Kila mshiriki hujaribu kutunga nyimbo 14 mpya kati ya tarehe 1 na 28 Februari, yaani wastani wa wimbo mmoja kila baada ya siku mbili. Katika mwaka mrefu, ambapo Februari ina siku 29, lengo huwa nyimbo 14 na nusu.

FAWM hutajwa mara nyingi pamoja na mashindano ya muziki, lakini haina jopo la waamuzi, haina zawadi ya fedha na haina mshindi mmoja. Kila anayefikisha nyimbo 14 huhesabiwa kuwa ameshinda, hata wakiwa maelfu. Washiriki wengi ni watunzi wa ridhaa: watu wenye kazi nyingine wanaotunga jioni au siku za mapumziko. Wengi wao wana madaftari na simu zilizojaa nyimbo zilizoanzwa bila kumalizwa, na changamoto hii inalenga hasa tatizo hilo.

## Jina na lengo

Albamu ni mkusanyo wa nyimbo zinazotolewa pamoja. Anayefikisha nyimbo 14 ana malighafi ya kutosha kwa albamu nzima, hata kama baadaye ataacha nje zile zilizo dhaifu. Idadi yenyewe inatokana na hesabu rahisi: nusu wimbo kwa kila siku ya mwezi. Ndiyo sababu siku ya 29 huongeza nusu.

Neno "kuandika" katika jina lina uzito wake. Mshiriki hatakiwi kukamilisha albamu iliyo tayari kuuzwa. Anatakiwa kutunga nyimbo, na rekodi yake inaweza kuwa ya sauti moja na gitaa moja iliyochukuliwa kwa simu. Rekodi ya namna hiyo ni rasimu: inaonyesha maneno, mahadhi na mpangilio wa wimbo ili msikilizaji aelewe kilichokusudiwa.

## Historia

Wazo la kumaliza kazi kubwa ya sanaa ndani ya mwezi mmoja lilipata umaarufu kwanza kwa waandishi. Mwaka 1999 Chris Baty wa San Francisco aliwakusanya watu 21 waliojaribu kuandika riwaya katika mwezi mmoja. Jambo hilo liliitwa National Novel Writing Month, na tangu mwaka 2000 lilifanyika mwezi wa Novemba, lengo likiwa maneno 50,000. Waandaaji walipima wingi wa maneno tu, bila kutoa hukumu juu ya ubora wa riwaya.

FAWM ilileta wazo la aina hiyo katika muziki. Burr Settles alianza mwaka 2004 pamoja na marafiki wachache, wakati alipokuwa mwanafunzi wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. Katika miaka iliyofuata washiriki waliongezeka na kutoka katika nchi mbalimbali. Februari ni mwezi mfupi kuliko yote, na katika sehemu ya kaskazini ya Marekani ni wakati wa baridi kali ambapo watu wengi hukaa ndani.

Ukuaji huo uliwezekana kwa sababu kurekodi kulikuwa kumekuwa rahisi. Zamani mtunzi aliyetaka kusikiliza ala kadhaa pamoja alihitaji kulipia studio. Mwaka 1979 kampuni ya TASCAM ya Japani ilitoa Portastudio, mashine ndogo iliyoweza kurekodi sauti nne kwenye kaseti ya kawaida, na studio ikaingia chumbani. Mwaka 2000 ilitolewa Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti kwenye kompyuta. Mnamo Januari 2004, mwezi mmoja kabla ya FAWM ya kwanza, kampuni ya Apple ilitangaza GarageBand, programu iliyowapa watumiaji wa kompyuta zake ngoma, kinanda na ala nyingine bila kuhitaji kuzinunua. Baadaye simu janja zilipunguza gharama zaidi.

Settles mwenyewe aliunganisha changamoto hii na taaluma yake. Mwaka 2010 alichapisha makala ya kisayansi kuhusu programu mbili alizowatengenezea watunzi. Ya kwanza, Titular, hupendekeza majina ya nyimbo ambazo bado hazijatungwa. Ya pili, LyriCloud, hupewa neno moja na kurudisha maneno mengine yanayohusiana nalo, ili mtunzi achague la kuendelea nalo.

## Kanuni

Kanuni za FAWM ni chache:

* Wimbo unaohesabiwa uwe mpya, uliotungwa ndani ya Februari.
* Mtindo wowote unakubaliwa, pamoja na muziki wa ala tupu usio na maneno.
* Kurekodi kunahimizwa lakini si lazima. Anayeandika maneno peke yake anaweza kushiriki.
* Watunzi wawili au zaidi wanaweza kutunga wimbo pamoja.
* Kushiriki ni bure.

Hakuna anayekagua kama wimbo ulitungwa kweli katika mwezi husika. Mfumo wote unategemea uaminifu. Anayeleta wimbo wa miaka mitatu iliyopita hapati faida yoyote, kwa kuwa hakuna zawadi ya kunyakua. Anajinyima tu zoezi alilolijia.

## Jinsi ya kushiriki

### Maandalizi

Mshiriki mwenye uzoefu huanza kujiandaa kabla ya tarehe 1. Hatungi nyimbo mapema. Huondoa vizuizi: hubadilisha nyuzi za gitaa, hujaribu kipaza sauti, hujifunza programu ya kurekodi na huchagua saa ya kufanya kazi. Muda unaopotea Februari kwa kutafuta waya au kujifunza programu mpya ni muda uliotolewa kwenye nyimbo.

Hesabu ya muda nayo husaidia. Mtu mwenye saa moja kila siku ana saa 28 kwa mwezi, yaani saa mbili kwa kila wimbo. Akitumia saa moja na nusu kutunga, anabaki na nusu saa ya kurekodi. Kwa hesabu hiyo anajua tangu mwanzo kwamba hawezi kurekodi ngoma, besi, kinanda na waitikiaji katika kila wimbo.

### Kuanza wimbo

Kazi ngumu kwa watunzi wengi ni kupata mwanzo. Kwa hiyo washiriki hupeana vichochezi: jina la wimbo, picha, neno moja, au sharti la kiufundi kama vile kutumia noti tano tu. Kichochezi kimoja huzaa nyimbo zisizofanana. Jina kama "Mlango wa Nyuma" laweza kumpa mmoja wimbo wa kuchekesha kuhusu mdaiwa anayemkwepa mwenye duka, likampa mwingine kumbukumbu ya jiko la bibi yake, na wa tatu akatunga muziki wa ala tupu wenye sauti inayofifia kama ya mtu anayeondoka.

Mbinu ya vichochezi ilikuwepo kabla ya FAWM. Mwaka 1975 mwanamuziki Brian Eno na mchoraji Peter Schmidt walitoa seti ya kadi zilizoitwa Oblique Strategies. Kila kadi ina agizo au swali fupi, na msanii aliyekwama huchagua kadi moja bila kuangalia na kujaribu kuifuata.

Baadhi ya washiriki hufanya pia zoezi la saa moja, linaloitwa kwa Kiingereza *skirmish*. Jina au wazo hutangazwa kwa wakati uliopangwa, na kila aliyejiunga hutunga, hurekodi na kuwaonyesha wenzake wimbo wake kabla saa haijakwisha. Kisha wote husikilizana. Nyimbo hizo huwa na kasoro zinazosikika wazi, lakini kila mmoja anajua mwenzake alikuwa na dakika zile zile 60.

### Kubaki nyuma na kuendelea

Katikati ya mwezi, yaani tarehe 14, mshiriki anayekwenda sawa na kalenda ana nyimbo 7. Mwenye nyimbo 4 anahitaji nyingine 10 katika siku 14 zilizobaki. Hapo wengi hukata tamaa. Wanaoendelea hupunguza ukubwa wa kazi: wimbo wa dakika moja na nusu, beti mbili na kiitikio, au muziki wa ala moja. Wengine hukubali kwamba hawatafika 14. Aliyeingia Februari bila wimbo na kutoka na nyimbo 6 hahesabiwi mshindi, lakini ana nyimbo 6 ambazo hazikuwepo.

### Kuwasikiliza wengine

Kusikiliza ni nusu ya pili ya changamoto, ingawa hakuhesabiwi katika nyimbo 14. Mtunzi wa ridhaa mara nyingi hana msikilizaji isipokuwa ndugu na marafiki, ambao humsifu kwa upendo au hunyamaza kwa adabu. Katika FAWM wasikilizaji wake ni watunzi wenzake wanaohangaika na kazi ile ile.

Desturi ni kutoa maoni ya upole, kwa kuwa wimbo huo ni rasimu iliyoanza kutungwa juzi au jana. Upole huo hauzuii maoni kuwa ya maana. "Wimbo mzuri" humfurahisha mtunzi lakini haumfundishi kitu. Maoni yanayosaidia hutaja mahali: mahadhi ya kiitikio yanakaa kichwani, ubeti wa pili unarudia habari ya ubeti wa kwanza, sauti imezama chini ya gitaa mwanzoni. Anayezoea kutaja mambo hayo katika nyimbo za wengine huanza kuyasikia katika zake. Pia kuna kulipana fadhila: asiyesikiliza wengine huona haraka kwamba nyimbo zake nazo hazipati wasikilizaji.

### Kutunga pamoja

Washiriki wengi hutunga na watu ambao hawajawahi kuonana nao. Mwenye maneno asiyejua kupiga ala huungana na mpiga kinanda asiyependa kuandika. Mmoja hutuma rekodi ya gitaa, mwingine huongeza sauti juu yake na kuirudisha.

Ushirikiano huo ulichunguzwa kisayansi. Mwaka 2013 Burr Settles na Steven Dow waliwasilisha utafiti kuhusu watunzi wa FAWM katika mkutano wa kimataifa wa CHI mjini Paris, unaohusu uhusiano wa binadamu na kompyuta. Waliona kwamba mawasiliano yaliyotangulia kati ya watu huchangia kuzaliwa kwa ushirikiano. Watu walioungana walikuwa na mambo waliyoyapenda pamoja, lakini pia walitofautiana kiasi cha kukamilishana. Ushirikiano uliofanikiwa ulihusiana na juhudi zilizogawanywa kwa uwiano: pale mmoja alipobeba mzigo karibu wote, matokeo hayakuwa mazuri vile.

## Kwa nini muda mfupi husaidia

Mwaka 1955 mwanahistoria Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika kwa mzaha katika gazeti la *The Economist* kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliotengewa. Wimbo usio na tarehe ya mwisho unafanana na kazi hiyo. Mtunzi hubadilisha neno, hurudia mstari, huahirisha kiitikio, na baada ya mwaka bado hauna ubeti wa tatu. Tarehe ya mwisho humlazimisha aamue.

Mipaka ya aina nyingine hufanya kazi kama hiyo. Mtunzi Igor Stravinsky, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa masomo 1939–1940, alieleza kwamba uhuru wake wa kutunga ulikua kadiri alivyojiwekea mipaka. Mbele ya uwezekano usio na mwisho mtunzi hajui pa kuanzia. Akiambiwa atumie ala mbili tu, tayari ana pa kuanzia.

Sababu nyingine ni uhusiano wa wingi na ubora. Mwanasaikolojia Mmarekani Dean Keith Simonton alichunguza maisha ya wabunifu mashuhuri, wakiwemo watunzi wa muziki. Aliona kwamba waliotoa kazi bora nyingi kwa kawaida ndio waliotoa kazi nyingi kwa jumla, zikiwemo zilizosahaulika. Mbunifu hajui mapema ipi itakuwa bora, kwa hiyo anayetoa nyingi anajipa nafasi zaidi. Kwa mshiriki wa FAWM jambo hili lina maana ya moja kwa moja: wimbo wa 9 ukiwa mbovu, haujaharibu chochote, kwa sababu wa 10 unaanza kesho kutwa.

Historia ya muziki ina mifano mikubwa ya kutunga kwa ratiba. Johann Sebastian Bach alianza kazi mjini Leipzig mwaka 1723, na katika miaka yake ya kwanza huko alitunga kantata mpya karibu kila wiki kwa ajili ya ibada za kanisa. Mfano huo hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na mtu wa ridhaa. Bach alikuwa amefunzwa tangu utotoni, alilipwa mshahara na alikuwa na waimbaji na wapigaji wa kuzifanyia kazi nota zake. Lakini unaonyesha kwamba haraka peke yake haiharibu muziki.

## Mipaka na ukosoaji

Kutunga kwa haraka hakumfai kila mtu. Leonard Cohen wa Kanada alifanyia kazi wimbo wake *Hallelujah*, uliotolewa mwaka 1984, kwa miaka kadhaa na kuandika beti nyingi zaidi ya zilizorekodiwa. Wimbo wa namna hiyo usingemalizika katika siku mbili.

Kuna pia hatari ya kujirudia. Mtunzi anayekimbilia idadi hurudi kwenye mfululizo ule ule wa sauti za gitaa na mada ile ile ya mapenzi yaliyovunjika, na nyimbo zake 14 huwa kama wimbo mmoja wenye majina 14. Dawa inayotumiwa na wengi ni kubadilisha sharti kila mara: wimbo mmoja bila gitaa, mwingine kwa mapigo ya tatu, mwingine wenye msimulizi asiye mtunzi mwenyewe.

Muda wenyewe haugawanyiki sawa. Mzazi wa mtoto mchanga au mfanyakazi wa zamu za usiku hana jioni 28 zilizo huru. Kwa kuwa hakuna zawadi, tofauti hiyo haimnyimi mtu kitu, lakini lengo la 14 likichukuliwa kwa ukali laweza kugeuza burudani kuwa mzigo wa pili baada ya kazi.

## Baada ya Februari

Mwezi unapokwisha, kazi ya kuchambua huanza. Watunzi wengi huziacha nyimbo zipoe kwa wiki chache, kisha huzisikiliza upya na kuchagua zinazostahili kurekebishwa. Maneno yaliyoandikwa kwa haraka hupigwa msasa, mahadhi hubadilishwa, na ala zilizokosekana huongezwa. Nyimbo nyingine hubaki kama mazoezi.

Nyimbo ni mali ya waliozitunga. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ulioridhiwa na nchi nyingi duniani, hakimiliki hutokea mara kazi inapotungwa na haihitaji kusajiliwa kwanza. Katika nyimbo zilizotungwa na watu wawili, haki inagawanywa kati yao. Kwa hiyo ni busara wakubaliane mapema nani alifanya nini, kabla mmoja hajaamua kuutoa wimbo kwa jina lake.

## Changamoto zinazofanana

* 50/90: nyimbo 50 katika siku 90, kuanzia 4 Julai hadi 1 Oktoba. Ina uhusiano wa karibu na FAWM na huwavutia wengi wa washiriki wake.
* RPM Challenge: ilianzishwa mwaka 2006 mjini Portsmouth, New Hampshire. Mshiriki hutunga na kurekodi albamu yenye nyimbo 10 au dakika 35 ndani ya Februari. Tofauti na FAWM, hapa rekodi iliyokamilika ndiyo lengo.
* Song Fight!: ilianza mwaka 2000. Jina la wimbo hutangazwa, watunzi huleta nyimbo zao zenye jina hilo, na wasikilizaji hupiga kura.
* Disquiet Junto: ilianzishwa Januari 2012 na Marc Weidenbaum wa San Francisco. Zoezi jipya hutolewa kila Alhamisi na kukamilishwa kufikia Jumatatu. Zoezi la kwanza lilikuwa kurekodi mlio wa kipande cha barafu ndani ya glasi na kuutengenezea muziki. Jina lake linatokana na Junto, klabu iliyoanzishwa na Benjamin Franklin mjini Philadelphia mwaka 1727.
* Weekly Beats: muziki mmoja kila wiki kwa mwaka mzima. Ilianza mwaka 2012 na hufanyika kila baada ya mwaka mmoja.